Trauti wa Meru na Embu

Mjini Embu kuna hoteli ya zamani iitwayo Izaak Walton. Wapita njia wengi hudhani hilo ni jina la mzungu aliyeijenga. Sivyo. Walton alikuwa mfanyabiashara wa London katika karne ya 17, aliyependa mno kuvua kwa ndoano hata akaandika kitabu juu ya mapenzi hayo, The Compleat Angler, kilichotoka mwaka 1653. Afrika hakuikanyaga. Jina lake lilipanda hadi Embu kwa sababu ya samaki mmoja, trauti, ambaye naye si mwenyeji wa huko. Wageni waliokuja kumvua katika mito ya Mlima Kenya walihitaji mahali pa kulala, pa kukaushia buti na pa kutiliana chumvi kuhusu samaki waliowaponyoka.

Trauti ni samaki wa maji baridi wa jamii moja na samoni, na udugu wao ni wa karibu. Kenya kuna aina mbili. Trauti kahawia, Salmo trutta, yumo katika jenasi moja na samoni wa Atlantiki. Trauti wa upinde wa mvua, mwenye mkanda wa waridi ubavuni, aliwekwa kundi hilohilo kwa muda mrefu, mpaka mwaka 1989 wataalamu walipomhamishia Oncorhynchus, jenasi ya samoni wa Pasifiki. Kwa hiyo anayeuliza kama Meru kuna samoni atajibiwa hapana, lakini binamu yake yuko, tena karibu kabisa na mstari wa ikweta.

Binamu huyo, hata hivyo, havuliwi kama samoni wa maziwa makubwa. Watu wa pwani wana neno lao la uvuvi huo: kurambaza. Mshipi huachwa nyuma ya chombo, chombo kikaenda, na chambo kikaburutwa majini mithili ya samaki mdogo anayekimbia. Ndivyo wanavyonaswa nguru na jodari baharini. Katika Ziwa Michigan, Marekani, wanaovuliwa hivyo ni samoni, na huko pia ni wageni. Mwaka 1966 jimbo la Michigan, likiongozwa katika mambo ya uvuvi na Howard Tanner, lilianza kupandikiza samoni aina ya coho kutoka Pasifiki, na chinook wakafuata mwaka 1967. Ziwa lilikuwa limejaa vidagaa vya baharini vilivyojipenyeza, vikafa kwa wingi na kunuka fukweni. Samoni wakapata karamu. Mvuvi wa huko huenda polepole, kilomita tatu au nne kwa saa, na huteremsha chambo kwa waya wenye mzigo wa risasi hadi kwenye tabaka la maji ya nyuzijoto 12 hivi. Wakati wa kiangazi samoni hujificha hapo, chini ya maji vuguvugu ya juu.

Maji ya Meru na Embu yamegawana sifa hizo mbili, baridi na upana, kila moja ikaenda upande wake. Yaliyo baridi ni madogo na yako juu sana mlimani. Yaliyo mengi yako chini, kwenye joto la Mbeere.

Trauti hustawi kwenye nyuzijoto kati ya 10 na 18. Zikipita 20 huanza kuhema, kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Nchini Kenya makao yake huanzia mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyoushuka mlima ndivyo anavyopungua, mpaka anawaachia nafasi kambare na ngege. Kwa upande wa mashariki mito yake ni Kathita, unaopita mjini Meru. Mutonga, Nithi na Maara. Thuci, ulio mpaka wa Embu na Tharaka-Nithi. Na Rupingazi, unaoteremka kandokando ya Embu. Yote humwagika katika Mto Tana.

Mayai ya kwanza yaliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, yuleyule aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Yalitoka Loch Leven, Uskoti, yakiwa ya trauti kahawia, na yakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Trauti wa upinde wa mvua alifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Ukifikiria safari yenyewe unashangaa: mayai ya samaki wa baridi yanavuka bahari za tropiki kwa meli, yanapanda reli, kisha yanachukuliwa milimani, na wakati wote huo yasipate joto. Kutoka hapo vifaranga vilisambazwa mto kwa mto. Baadaye kituo cha kuzalisha trauti kilijengwa Kiganjo, Nyeri, na ndicho kilichoendelea kulisha mito na maziwa ya mlima.

Maziwa yanastahili kusimuliwa peke yake. Kule juu, kwenye nyika zilizo mpakani mwa msitu, kuna Rutundu na Alice katika Kaunti ya Meru, Rutundu likiwa kwenye mita zaidi ya 3,000 na Alice juu yake zaidi. Kwa upande wa Chogoria kuna Ziwa Ellis, na ndani ya bonde refu la magenge kuna Michaelson, penye chimbuko la Mto Nithi. Chogoria leo ni Tharaka-Nithi, lakini hadi mwaka 1992 eneo lote hilo lilikuwa Wilaya ya Meru. Haya si maziwa ya kushindania ukubwa na Michigan. Mtu mwenye pumzi nzuri hulizunguka Rutundu kwa miguu asubuhi moja, ingawa pumzi nzuri ndiyo inayokuwa adimu kwenye kimo kile.

Rutundu lilipata umaarufu wa ghafla usiohusiana sana na samaki. Oktoba 2010 Mwanamfalme William wa Uingereza na Kate Middleton walifikia kwenye vibanda vya magogo vilivyo juu ya ziwa hilo, na uchumba wao ukatangazwa tarehe 16 Novemba mwaka huohuo. Magazeti yaliandika sana juu ya pete. Trauti hawakuandikwa mengi.

Asubuhi huko huanza na ukungu uliolala juu ya maji, na miti ya erika iliyoota ndevu za kuvumwani za kijivu imesimama ukingoni kama wazee wanaosubiri baraza lianze. Mvuvi hufunga nzi bandia mwishoni mwa uzi mwembamba: manyoya na nyuzi zilizosokotwa kwenye ndoano ndogo kuliko ukucha. Nzi huyo hana uzito wa kurushwa, hivyo kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Fimbo hupelekwa nyuma, mshipi unanyooka hewani, mvuvi anangoja kidogo, kisha anausukuma mbele. Asiyengoja hunasa kichaka kilicho nyuma yake. Mshipi ukitua taratibu, nzi huvutwa kwa vidole, shibiri baada ya shibiri, mpaka uzi ukaze ghafla na maji yapasuke. Anayetoka ni samaki wa rangi ya fedha mwenye madoa meusi, baridi mkononi kama chuma cha alfajiri.

Nzi bandia ndio chambo kilichozoeleka katika maji ya trauti ya Kenya, na mnyoo huonekana kama njia ya mkato isiyo na heshima. Mmoja wa nzi hao huitwa Kenya Bug, mweusi, mwenye nywele nyingi. Usukaji wake umekuwa kazi ya watu: nzi waliofungwa kwa mikono ya Wakenya, wengi wao wanawake, huuzwa kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani, wakiwamo wasioweza kuuonyesha Mlima Kenya kwenye ramani.

Na kurambaza je? Kunawezekana kwa kiasi. Ukiwa na mashua ya makasia kwenye Rutundu, mmoja hupiga kasia polepole na mwenzake huachia mshipi nyuma, nzi akifuata ndani ya maji. Lakini kabla mshipi haujapata mwendo wake mzuri, ng'ambo imefika na inabidi kugeuza. Wengi hurudi ukingoni.

Wenyeji wa mlima hawakuwa na habari sana na haya. Kama jirani zao Wagikuyu, Wameru na Waembu wa zamani hawakula samaki. Protini yao ilikuwa nyama, maziwa na maharagwe, na trauti alikuwa mchezo wa mzungu na leseni yake. Mabadiliko makubwa hayakuletwa na trauti bali na ngege wa mabwawa, hasa baada ya mwaka 2009, serikali ilipochimba mabwawa ya samaki maelfu kwa maelfu nchini katika mpango wa kufufua uchumi. Kanyakine, Imenti Kusini, kukajengwa kiwanda cha kusindika samaki. Leo kitoweo cha ngege si ajabu katika hoteli za Meru. Trauti bado ni ajabu.

Trauti mwenyewe hana hakika ya kudumu. Hutaga kwenye changarawe safi yenye maji yanayokwenda; ziwa lisilo na kijito cha aina hiyo hutegemea vifaranga vinavyoletwa, na vikikatika, samaki huzeeka na kwisha. Mito nayo huchotwa kwa mifereji na mabomba kabla haijafika mbali. Machi 2012 moto uliteketeza eneo kubwa la nyika za Mlima Kenya, na mvua inayofuata moto huosha majivu na udongo hadi majini, changarawe ikazibwa. Wahifadhi nao wana neno lao: trauti ni mlaji aliyeletwa, na wadudu wa mito ya juu hawakuzoea kuwindwa na samaki wa namna hii. Si msiba kama wa sangara katika Ziwa Viktoria. Ila ni wajibu kulitaja jambo hili, hata kwa anayempenda trauti.

Kwa anayetaka kurambaza, mashua, wavuvi na maji mapana viko Masinga. Bwawa hilo, lililokamilika mwaka 1981 mpakani mwa Embu na Machakos, lina eneo la kilomita za mraba 120 hivi, na kurambaza mle kungepata nafasi ya kutosha. Lakini liko kwenye mita 1,000 na kidogo, maji yake ni vuguvugu, na wavuvi wake hutega nyavu za ngege, kambare na kapu. Samoni angekufa humo.

Yuko samaki mmoja wa Tana ambaye safari yake ni ya samoni iliyopinduliwa, naye ni mwenyeji halisi. Ni mkunga. Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini na kurudi mtoni kutaga. Mkunga huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, hupanda mto akiwa mwembamba kama uzi wa kioo, hukaa miaka mingi kwenye maji yasiyo na chumvi, kisha hushuka tena baharini kutaga na kufa. Zamani njia ilikuwa wazi hadi vijito vya mlima. Bwawa la Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968, likafuatwa na Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, alikuta ukuta baada ya ukuta.