Jembe, Kitabu na Mtihani Katika Shule za Kandokando ya Ziwa

Misioni ya Bukumbi, kusini ya Mwanza, ilipofunguliwa na Mapadre Weupe mwaka wa 1883, kusoma na dini vilikuwa jambo moja. Ng'ambo ya ziwa, katika Buganda, Mkristo aliitwa msomaji tu. Kardinali Lavigerie aliagiza miaka 4 ya ukatekumeni, na huo ndio uliokuwa mtihani, mtihani mrefu kuliko yote iliyofuata.

Mwaka wa 1924 wakafika Afrika ya Mashariki wajumbe wa mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani. Mkuu wao alikuwa Thomas Jesse Jones, na pamoja naye Dr. Aggrey wa Gold Coast, Mwafrika pekee kati yao. Jones alikuwa amefundisha Hampton, katika Virginia, shule ya Wamarekani weusi iliyosifiwa kwa kazi za mikono. Wakashauri shule zetu nazo zifundishe kilimo, afya na maisha ya kijijini. Serikali ya Uingereza ikalikubali shauri hilo mwaka wa 1925, na sheria ya elimu ya Tanganyika ya 1927 ikaweka msaada wa fedha kwa shule za misioni zilizotimiza masharti yake.

Shauri lenyewe halikuwa baya. Mtoto wa Usukuma akuliaye kati ya pamba na ng'ombe, si aibu kwake kuujua udongo. Lakini huko huko Marekani, W. E. B. Du Bois alilipinga kwa nguvu, akiona kwamba mafunzo ya namna hiyo yatamweka mtu mweusi chini siku zote. Mzazi wa hapa hakuhitaji kumsoma Du Bois. Alimwona karani akila mshahara wa kalamu. Jembe alikuwa nalo nyumbani. Tena mtihani uliofungua mlango wa Tabora na Makerere haukuuliza habari za mihogo. Basi nani angemlaumu?

Jembe likarudi kwa mkono mwingine. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama aliyeanza kusoma Mwisenge, Musoma, alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, ili msomi asiwadharau wazazi wake. Novemba 1974, mjini Musoma kwenyewe, TANU ikaazimia kwamba atokaye sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu, na mtihani usiwe kipimo peke yake. Twaliheshimu sana azimio hilo. Hata hivyo, ninyi walimu mwajua yaliyotokea katika mashamba mengi ya shule: mwanafunzi mkosaji alipelekwa kulima kwa adhabu. Jembe la adhabu lamfundisha mtoto nini, ila kulichukia?

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari. Mzazi ajaye kwenu kuuliza mkondo huo utampa mwanawe cheti gani, nacho kitampeleka wapi, msimwone mkaidi. Babu yake naye aliuliza hivyo hivyo, na hatujaona kwamba alijibiwa.