Kanisa la Mkunazini na Mji wa Unguja

Walimu waliopata kuchungua asili ya maneno wajua kwamba neno gereza halikuanza kuwa neno la kifungo. Wajuzi wengi hulirudisha kwenye neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Wareno walipokuwa na amri juu ya pwani hii walijenga kanisa dogo mjini Unguja, karibu na ufuo. Hata walipofukuzwa mwishoni mwa karne ya 17, Waarabu wa Omani walijenga ngome mahali pale pale, na baadhi ya kuta za kanisa zikaingia katika kuta za ngome. Ngome ikawa makao ya askari, kisha mahali pa wafungwa, na jina likafuata mahali. Basi, ukiondoa maneno machache kama padri na meza, hilo ndilo lililosalia la kanisa la kwanza katika mji ule: neno moja, nalo limegeuka maana.

Twataka kusimulia habari za kanisa la pili, lile la Waingereza wa Misioni ya Vyuo Vikuu, maana twaona kwamba habari zake husimuliwa nusu. Watu hupenda kueleza soko la watumwa na jengo lililosimama juu yake. Ni wachache wanaouliza kama kanisa lile lilipata kuwa la mji wenyewe, na kama halikupata, ni kwa sababu gani.

Unguja ya mwaka 1864 ilikuwa mji mkubwa kupita yote ya pwani yetu. Palikuwa na Waarabu, Wahindi, Wangazija, Waswahili wa asili, na watumwa wa kila kabila la bara. Askofu Tozer na Dakta Steere walifika mwaka huo, nao hawakufika kwa kuuchagua mji. Misioni yao ilikuwa imeanza Magomero, katika nchi za mto Shire, mwaka 1861. Askofu Mackenzie akafa mwaka 1862, na wenzake kadha wa kadha wakafa kwa homa. Tozer akaamua kuondoka huko, akaja Unguja ili kutafuta njia nyingine ya kuingia bara. Mapadre wa Kikatoliki walikuwa wametangulia tangu mwaka 1860, wakitoka kisiwa cha Réunion, nao pia macho yao yalielekea ng'ambo. Mwaka 1868 walifungua misioni yao kubwa Bagamoyo. Jambo hili lastahili kukumbukwa. Kwa wote hao mji ulikuwa mlango, wala haukuwa nyumba. Mtu akikaa mlangoni kwa mtu miaka mingi, wenyeji humwamkia, lakini hawamhesabu kuwa wa ndani.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa, nao Seyyid Majid ndiye aliyempa Tozer. Mmoja wao ni John Swedi, ambaye mwaka 1870 alifanywa shemasi mdogo, na mwaka 1879 akawa shemasi kamili. Baadaye manowari za Waingereza zilileta watoto wengi zaidi. Wavulana walisomeshwa Kiungani, kusini ya mji. Wasichana na watu wazima walipewa makao Mbweni, katika shamba lililonunuliwa mwaka 1871, mbali zaidi na mji.

Hapa hatuna budi kukaa kidogo juu ya lugha, maana ndiyo kazi iliyofanywa vizuri kuliko zote. Steere alikuwa mtu wa sheria kwa masomo yake, na mpiga chapa kwa mapenzi yake. Hakuridhika na Kiswahili cha wapagazi wala cha watumishi wa Wazungu. Alikaa na wenyeji wa mjini waliojua kusema, akawasikiliza, akaandika. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi pamoja na kitabu cha hadithi za Unguja, kama zilivyosimuliwa na wenyeji wenyewe. Mwaka 1883, Steere akiwa amekwisha kufa, Agano Jipya zima lilitoka kwa Kiswahili cha Unguja, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891.

Katika kazi hiyo hakuhitaji kutunga maneno mengi. Dhambi, toba, imani, malaika, nabii, Injili, Zaburi, sala, sadaka, hata kanisa lenyewe na msalaba: yote haya yametoka katika Kiarabu, na mengi yake yalikuwa katika vinywa vya watu wa mji kwa karne nyingi kabla ya Mwingereza yeyote kushuka pwani. Jina la Mungu lilikuwa la Kibantu, likaachwa lilivyo. Mwenye kufasiri akipewa mji wa namna hii, amepewa akiba kubwa.

Lakini akiba hiyo ilikuwa ya nani? Mwungwana wa Malindi au Shangani alipolisikia neno toba, alisikia neno la baba yake na la msikiti wake, nalo lilikuwa na maana kamili wala halikumngoja mgeni aje kulijaza. Mtoto wa Kinyasa au wa Kiyao aliyeshushwa jahazini alilisikia kwa mara ya kwanza darasani, kutoka kwa mwalimu Mzungu, pamoja na neno kalamu na neno kengele. Mahubiri yalikuwa yale yale, wasikilizaji wakasikia mambo mawili. Yule wa kwanza alikuwa na ya kujibu. Yule wa pili alipokea. Haishangazi basi kwamba kanisa lilijaa watu wa namna ya pili.

Mwaka 1873, mwezi wa Juni, Seyyid Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Misioni ikapata kiwanja kile. Sehemu ilinunuliwa na mmisionari Arthur West, na sehemu ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Steere alianza kuhubiri pale katika kibanda cha udongo, kwa Kiswahili, na watu wa mjini wakaja kusikiliza, wengine kubishana. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule. Mwaka uliofuata Steere akawa askofu, kwa kuwa Tozer alikuwa amejiuzulu kwa ugonjwa.

Mafundi wasomao habari hizi watapenda kujua jinsi dari lilivyojengwa. Nyumba za mawe za Unguja zina vyumba vyembamba, maana upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko. Kanisa kubwa haliwezi kukaa chini ya kipimo hicho. Steere akaacha miti, akajenga tao moja refu la kokoto za matumbawe na saruji. Ibada ya kwanza ndani yake ilifanywa Krismasi ya mwaka 1879. Wageni huonyeshwa pia nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, kwa kuwa askofu, kama isemwavyo, hakuwapo siku ile. Wengi hucheka. Sisi twaona afadhali wangetazama dari. Steere alikufa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu.

Jengo basi lilikuwa katikati ya mji, na lugha yake ilikuwa ya mji. Watu wake je? Hawa walikuwa Kiungani na Mbweni. Mjini walikuja siku ya ibada, wakarudi. Misioni ilikuwa na sababu: watoto walikuwa hatarini kuibwa na kuuzwa tena, na shamba lilitoa chakula na kazi. Hatuwalaumu kwa hofu hiyo. Lakini mji wa Waswahili si majengo, ni mitaa, na mtaa hujengwa kwa baraza, arusi na maziko. Mtu ni wa mtaa ikiwa majirani watakuja kumwosha na kumchukua akifa. Mtoto wa misioni hakuwa na mtaa.

Tena palikuwa na ada ya uungwana. Katika sheria iliyofuatwa mjini, binti huolewa na kufu yake, na mahuru hakuwa kufu wa mwungwana. Tena mahuru hakukatika na bwana wake wa zamani. Alibaki chini ya jina na ulinzi wa nyumba ile. Kwa macho ya mji, basi, mtoto wa Kiungani alikuwa amehama nyumba moja kwenda nyingine, na bwana wake mpya alikuwa Mzungu. Mwungwana angewezaje kuingia katika jamaa hiyo bila kushuka daraja, mbali na hatari ya kuacha dini ya baba zake chini ya mfalme Mwislamu? Mahubiri bora kupita yote hayakuweza kulijibu swali hilo. Wamisionari waliandika mengi juu ya ushupavu wa Waislamu; wangeandika zaidi juu ya kufu, wangekuwa karibu zaidi na jambo lenyewe.

Walionyimwa ukoo walijifanyia ukoo. Vijana wa Kiungani walioa wasichana wa Mbweni, ambako Bibi Caroline Thackeray alisomesha tangu mwaka 1877, na nyumba zao zilisema Kiswahili hata kama baba ni Mmakua na mama Mzigua. Mwaka 1876 Steere mwenyewe aliwaongoza mahuru kadhaa kurudi upande wa nchi zao, wakakaa Masasi. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa ukasisi mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misioni ile, naye alifanya kazi Chitangali. Huko aliwakuta watu wake, nao wakamsikia, maana walimjua kuwa ni wao. Yale yaliyokosekana mjini, yaani ndugu, machifu na wazee wa kukaa nao, yalikuwapo bara.

Wakati uo huo Kiungani ilikuwa ikipiga chapa. Gazeti lake, Msimulizi, lilianza mwaka 1888, na ndani yake wanafunzi na walimu wa Kiafrika waliandikiana habari kutoka Unguja mpaka mto Ruvuma na Magila. Kiswahili kilichojifunzwa kwa waungwana wa mjini kikaenea kwa kalamu za watu ambao waungwana hao wasingewaoza binti zao. Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili cha mashuleni katika Afrika Mashariki. Uamuzi huo ulikuwa wa serikali na wa wataalamu, lakini vitabu vilivyoutengenezea njia vilikuwa vingi vya misioni.

Chuo cha Kiungani kilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam, katika miaka ya 1920. Kanisa lilibaki mahali pake, na hata leo wengi wa wanaosali ndani yake asili yao ni bara. Mwaka 1998 ukumbusho wa watumwa uliwekwa kando yake, sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni, na wageni wengi huja kwa ajili ya huo. Jina la kanisa tangu lilipotabarukiwa ni Kanisa la Kristo. Watu wa mjini, Waislamu kwa Wakristo, hulitaja kwa jina la mtaa: Mkunazini.