Kukunjua si kugeuza

Simu ya Android yenye PPSSPP, kiigizi kilichotoka mwaka 2012, hufanya kazi ya PSP, mashine ya michezo ya mkononi ambayo Sony ilianza kuiuza Japani Desemba 2004. Diski yake hubeba hadi gigabaiti 1.8, kwa hiyo nakala ya mchezo husafirishwa ndani ya faili ya ZIP, RAR au 7z. Kuitoa humo, wengi husema "fungua", neno linalobebeshwa kazi tatu: kuanzisha faili, kuirudisha katika ukubwa wake na kuibadili aina. Anayefuta .zip kwenye jina akaandika .iso, alama ya nakala nzima ya diski, amebadili kibandiko cha mzigo tu, na mchezo hautaanza. Kazi ya pili naiita kukunjua, ya tatu kugeuza.

Kamusi za kompyuta zina "kufinyaza", na mtu atauliza kwa nini tuliache. Kilichofinyaa kimenywea, hakirudi kilivyokuwa, ilhali ZIP hairudishi pungufu hata baiti moja. Kufinyaza kuifae picha ya JPEG, inayopoteza sehemu yake moja kwa moja. Tena kukunja kuna kinyume chake tayari, kama funga na fungua, ziba na zibua. Mwisho huo wa -ua ni mali ya wasemaji wa Kiswahili wa Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, sawasawa na ya watu wa pwani, kwa hiyo hata huko hakuna haja ya kungoja neno la Kifaransa.

Pingamizi zito linatoka kwa CSO, aina nyingine ya faili ya mchezo wa PSP. Nayo imekunjwa, mbona kutoka ISO kwenda CSO nikuite kugeuza? Tazama kikwembe sokoni: muuzaji hufunua kunjo moja mteja aone maua, kitambaa kingine kikabaki kilivyo. CSO iko hivyo. Diski hukatwa vipande, kwa kawaida vya baiti 2,048, kila kimoja kikakunjwa peke yake, na mwanzoni kuna faharasa ya mahali kilipo; kiigizi hukunjua kile kinachohitajika wakati huo. Faili iliyokunjwa ndani ya ZIP ni kama jora lililoviringishwa: huufikii mwisho bila kuanzia mwanzo. Mpaka kati ya maneno haya mawili ni mwembamba, nakiri, lakini upo: ndani ya ZIP mchezo ungali ISO, nao hutoka ukiwa ISO, ilhali CSO yenyewe ndiyo mchezo, na mwenye kadi ya kumbukumbu ndogo hahitaji kuikunjua kamwe.