Kifua kikuu: bakteria ndani ya seli za kinga

Kifua kikuu (TB) husababishwa na bakteria *Mycobacterium tuberculosis*, aliyetangazwa na Robert Koch mwaka 1882. Huenea kwa hewa.

Akifika mapafuni, bakteria humezwa na makrofaji, seli ya kinga yenye kazi ya kuua wavamizi. Kwa kawaida kifuko kilichombeba huungana na laisosomu, yenye asidi na vimeng'enya vya kumsaga. Bakteria huyu huzuia muungano huo. Ukuta wake wenye mafuta mazito humkinga, naye hujilisha mafuta ya seli iliyommeza na kuzaliana humohumo. Hii ndiyo hila yake kubwa kuliko zote: askari hugeuzwa makazi ya adui. Anaweza kutulia miaka mingi hadi kinga ishuke, hasa kwa mwenye VVU.

Kumuua akiwa ametulia ni kazi ndefu, hivyo dozi ya kawaida huchukua miezi 6. Nchini Tanzania, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza 1977 kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, ulikuwa mfano kwa dunia. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi akapime. Matibabu ni bure.