Bikoni Kabla ya Tofali

Sinza na Tandale ni kata mbili zinazopakana jijini Dar es Salaam. Mtu hutoka moja na kuingia nyingine kwa miguu, tena bila haraka. Lakini gari la kunyonya majitaka linalofika mpaka mlangoni kwa mwenye nyumba wa Sinza, likiitwa Tandale hukomea kwenye mdomo wa kichochoro. Huko ndani kazi huachiwa vijana waitwao vyura, wanaoingia shimoni na ndoo na koleo. Masika yakishika, wapo wanaotapisha vyoo: hutoboa ukuta wa shimo ili maji ya mvua yabebe kilichomo na kukishusha kwa jirani wa bondeni. Nyumba ikishika moto, zimamoto hubaki barabarani wakiuona moshi kwa mbali.

Wenye nyumba wa pande zote mbili walijijengea wenyewe, chumba baada ya chumba, kadiri mfuko ulivyoruhusu. Kilichowatenganisha ni kipi kilitangulia. Sinza, wapimaji walichimbia bikoni na kutenga barabara, kisha watu wakaja na tofali zao. Tandale, tofali lilitangulia, na njia ikawa ile nafasi iliyosalia baina ya kuta. Uamuzi wa kufuata utaratibu wa Sinza ulifanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ulikuwa uamuzi mzuri kuliko mengi yaliyowahi kuamuliwa kuhusu mji huu, na kuachwa kwake ni hasara tunayoilipia mpaka leo.

Ramani hazikuwa ngeni Dar es Salaam. Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitunga kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo, na wenyeji wakauita kwa majina yanayojulikana hadi leo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Eneo la Mnazi Mmoja likaachwa wazi ili Waafrika wa Kariakoo wakae mbali na wengine, kwa kisingizio cha afya. Ulikuwa ubaguzi, na hakuna haja ya kuupamba. Hata hivyo, Kariakoo na baadaye Ilala zilipimwa kwa mistari iliyonyooka, na mtu akapata kiwanja cha kusimamisha nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma. Ghorofa zinazoonekana Kariakoo sasa zimesimama juu ya viwanja vya namna hiyo, na mitaa ya Sikukuu, Swahili na Congo bado inabeba mizigo ya nusu ya nchi. Ramani ya watu waliodharauliwa imedumu kuliko utawala ulioichora.

Kasoro ni kwamba viwanja vilipimwa vichache, na watu wakaja wengi. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu wakazi 128,742 jijini. Miaka kumi baadaye walikuwa 272,821. Serikali ya Uhuru ilianzisha Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, ikaingia kwa moyo katika kazi ya kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu ilikataa. Sehemu kubwa ya nyumba mpya ilichukua tu nafasi ya zile zilizobomolewa, na gharama ya moja ilikuwa mzigo mzito kwa hazina changa. Mwaka 1968 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada, ikakabidhi Mpango Kabambe wa jiji, wenye michoro mizuri. Wakati huohuo Manzese ilikuwa inajaa kando ya Barabara ya Morogoro, kiwanja kwa kiwanja, kwa makubaliano mbele ya mashahidi na karatasi ya daftari.

Mwaka 1972 serikali ilibadili msimamo. Badala ya kuzibomoa nyumba za watu, ikakubali kuziboresha zilipo, na kwa wanaokuja, kupima viwanja mapema na kuvipelekea huduma. Wazo lenyewe lilikuwa linazunguka duniani wakati huo. Mwingereza John Turner alikuwa ameishi na kufanya kazi Peru, akaona wakazi wa vitongoji vya Lima wakijijengea nyumba zinazoboreka mwaka hadi mwaka, akahoji kwa nini serikali zing'ang'anie kujenga kile ambacho watu wanakiweza, ziache kile wasichokiweza. Familia moja haiwezi kutandaza bomba la maji la mtaa mzima, wala kumlazimisha jirani aache mita chache za barabara. Hiyo ndiyo kazi ya serikali. Benki ya Dunia ilitoa mkopo wake wa kwanza wa aina hii kwa Senegal mwaka 1972. Nairobi ikafuata na Dandora, yenye viwanja 6,000, mwaka 1975.

Mradi wa Tanzania ulianza mwaka 1974 kwa fedha za Benki ya Dunia na za serikali, katika Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1977, ikaongeza Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa. Upande wa viwanja vipya, Dar es Salaam ilipata Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, kisha Tabata na Mbagala. Upande wa kuboresha makazi yaliyokwishajengwa, ilianza Manzese, zikafuata Tandika na Mtoni.

Kiwanja cha kawaida cha mradi kilikuwa cha mita 12 kwa 24. Msomaji apime kwa hatua zake: si kikubwa, lakini nyumba ya vyumba sita inakaa, na ua unabaki nyuma. Mbele ya kila safu ilipita barabara. Maeneo ya shule, zahanati na soko yalitengwa kwenye ramani kabla mtu wa kwanza hajamwaga mchanga. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilitoa mikopo ya vifaa vya ujenzi. Yaliyobaki aliachiwa mwenye kiwanja, na hapo ndipo ulipo uzuri wa mpango: aliyeweza kuweka chumba kimoja tu aliweka hicho kimoja, akahamia, akaendelea. Udogo wa kiwanja nao ulikuwa na faida. Watu wengi waliishi karibu, kwa hiyo bomba moja lilihudumia nyumba nyingi, na daladala zilipokuja zikakuta abiria wa kutosha kila kituo.

Mapungufu yalikuwepo, na mengine yalikuwa ya haki. Viwanja vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Lakini masharti ya kujenga kwa vifaa vya kudumu, milolongo ya fomu na kucheleweshwa kwa mikopo viliwachosha wanyonge, na wenye mishahara ya uhakika wakajikuta wamevishika vingi. Mikocheni ya leo haihitaji maelezo. Halafu kulikuwa na jambo ambalo wengi wamelisahau: mradi huu ulikuja wakati mfumo wa utawala wa Madaraka Mikoani, ulioanza mwaka 1972, ulikuwa umezifuta halmashauri, zile za miji zikiwamo. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Mitaro ilichimbwa bila kuwepo chombo cha wenyeji cha kuizibua. Nguzo za taa zilisimamishwa, na taa ilipoungua hapakuwa na diwani wa kumfuata. Ukaja ukata wa mwisho wa miaka ya 1970, vita vya Kagera, saruji ikawa ya kupanga foleni. Awamu ya tatu haikuja. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 mradi ulikwisha, na Benki ya Nyumba yenyewe ikaanguka katika miaka ya 1990.

Wengi waliuhesabu mradi kuwa umeshindwa, na kwa hesabu za marejesho ya mikopo walikuwa na sababu. Mimi nadhani walipima mapema mno. Mtaa haukomai kwa miaka mitano.

Mwaka 2021 wachumi wakiongozwa na Guy Michaels wa London School of Economics walichapisha utafiti uliorudi katika miji yote saba, wakitumia picha za setilaiti na takwimu za kaya. Walilinganisha maeneo ya viwanja vipya na maeneo ya jirani ambayo nayo yalikuwa pori au mashamba wakati mradi unaanza. Baada ya takriban miaka arobaini, maeneo yaliyopimwa yalikuwa na nyumba kubwa zaidi, zilizokaa kwa mpangilio, ghorofa nyingi zaidi, na maji, umeme, vyoo bora na barabara kuliko majirani zao. Wakazi wake walikuwa na elimu zaidi kidogo, lakini tofauti hiyo ya elimu ilikuwa ndogo mno kueleza pengo kubwa la ubora wa makazi. Kwa maeneo yaliyoboreshwa baada ya kujengwa, kama Manzese, picha ilikuwa ya kusikitisha: hayakuonekana kuwa na nafuu kuliko maeneo yasiyoguswa, na pengine yalikuwa nyuma.

Matokeo hayo ya Manzese yanauma. Watu wa pale hawakukosa bidii. Kuingiza barabara ndani ya mtaa uliokwisha kujaa maana yake ni kuvunja nyumba ya mtu, kumlipa fidia na kumtafutia pa kwenda. Mpimaji akiingia hapo na mkanda wake hukutana na swali moja kila mlango: njia inapita wapi, na inakula ukuta wa nani? Kwa hiyo hupatikana barabara moja mbili za kuzunguka nje, na ndani hubaki kama kulivyokuwa.

Hata hivyo nisingependa mtu atoke hapa akidhani mitaa iliyojaa haina dawa. Hanna Nassif, huko Kinondoni kwenye kingo za bonde la Msimbazi, ilikuwa ikifurika kila masika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, wakashirikiana na jiji, Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa chuo cha ardhi ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi. Mitaro na barabara za ndani zilijengwa na wakazi wenyewe kwa ujira, wanawake wakiwemo, na kamati yao ndiyo iliyokaa mezani kujadili mkataba. Matunzo yakagharamiwa kwa mapato ya vioski vya maji na ada ya magari yanayoingia mtaani. Mtaro uliochimbwa na mwenye nyumba anayelala hatua kumi kutoka ukingoni hauzibwi na takataka kirahisi, kwa kuwa anayemwaga anajulikana kwa jina na kwa mlango. Hiki ndicho kilichokosekana Sinza na Manzese katika miaka ile: ramani ilikuwepo, wataalamu walikuwepo, ila mwananchi alipewa kiwanja bila kupewa kiti.

Serikali ilirudi kwenye kupima viwanja kwa wingi mwaka 2002, kwa mradi uliojulikana kama Viwanja 20,000. Ulivuka lengo lake, ukazaa viwanja vya ziada kwa maelfu huko Kibada, Gezaulole, Mwongozo, Toangoma, Buyuni, Bunju na Mbweni. Fedha za kuanzia zilirudi kwa mauzo ya viwanja, jambo ambalo mradi wa miaka ya 1970 haukuliweza. Naupongeza kwa hilo. Lakini uliacha nusu ya busara ya Sinza. Viwanja vingi vilikuwa vikubwa kuliko zile mita 12 kwa 24, na vilikuwa mbali. Wakulima walihamishwa mashambani, hati zikatoka, halafu maji na lami vikachelewa kwa miaka. Wanunuzi wengi walizungushia ukuta au waya, wakapanda mti wa kivuli, wakasubiri bei ipande. Aliyehitaji pa kulala mwaka huohuo alivuka viwanja hivyo vitupu, akaenda mbele zaidi kununua kipande cha shamba. Kwa hiyo mradi wenyewe ukausukuma mji nje. Kupima peke yake hakuzuii mji kutapakaa. Inategemea umepima ukubwa gani, wapi, na nini kinatangulia.

Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728, na inakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa jiji wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Mpango Kabambe wa mwaka 1979, uliofuata ule wa 1968, ulikwisha muda bila mrithi, na mpya uliofuata ni wa 2016 hadi 2036. Katikati ya mipango hiyo miwili kilizaliwa kizazi kizima cha wenye nyumba ambacho hakikuwahi kuona ramani ya mtaa wake. Juhudi zipo. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji yametoa sababu ya kujenga juu badala ya kujenga mbali. Mwaka 2022 kaya 644 za Magomeni Kota zilirudi kwenye ghorofa zilizojengwa palepale zilipobomolewa nyumba zao za zamani. Urasimishaji wa makazi nao unawapa hati watu wa Kimara na kwingineko, na naunga mkono kila hati inayotoka. Lakini urasimishaji huandika kilichopo, kichochoro nacho kikiwemo.

Kazi kubwa iko kwenye mashamba ambayo bado yana mikorosho. Chanika, Mabwepande, Kisarawe, Mkuranga na Kibaha, dalali anauza mita 20 kwa 20, shahidi ni mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, na njia ni ya kupita bodaboda. Hapo barabara bado ni ya bei rahisi, kwa sababu hakuna wa kumvunjia. Wauzaji wakikubaliana wakiwa bado wachache, mpimaji wa halmashauri anaweza kutenga barabara, mtaro na uwanja wa shule kwa kila mmoja kumega sehemu ndogo ya shamba lake, na ardhi itakayobaki itauzwa kwa bei nzuri zaidi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaruhusu mipango ya kina ya maeneo kama hayo. Kinachotakiwa ni wapimaji wa kutosha katika halmashauri za pembezoni, ofisi za Dar es Salaam na za mkoa jirani wa Pwani zisomeane ramani, na mkutano wa mtaa uitishwe kabla ya masika kuwaleta wanunuzi wanaokimbia mabonde. Viwanja viwe vidogo, vya watu wengi kukaa karibu, na mkanda upite kabla ya toroli la tofali.