Kabla ya Antonio Brown, Albany Kulikuwa na Timu

Tafuta Albany Empire mtandaoni uone. Karibu kila video itakuletea mtu mmoja, Antonio Brown, na chini yake komenti ni za kucheka tu. Staa ananunua timu, timu inakufa, watu wanapata meme, maisha yanaendelea. Mimi hiyo stori naiona imeanziwa mwisho. Wacha niianze mahali inafaa.

Kwanza mchezo wenyewe, juu wengi wetu tumekulia mpira wa miguu. Futiboli ya ndani ni ile ya Marekani, ya helmeti na mabega makubwa, lakini imebanwa ikaingia ndani ya ukumbi. Uwanja wa nje una yadi 100, huu una 50. Badala ya watu 11 kila upande, wako 8. Pembeni hakuna mstari wa chaki. Kuna ukuta uliovishwa kitu kama godoro, na mchezaji akisukumwa anaugonga huo ukuta mbele ya shabiki aliyeshika soda yake. Aliyebuni haya yote ni Jim Foster, mwaka wa 1981, akitazama soka ya ndani pale Madison Square Garden, New York. Alichora wazo lake juu ya bahasha. Ligi yake, Arena Football League, ikaanza 1987 na timu 4 pekee.

Usidhani ilikuwa ya utani. Kurt Warner alichezea Iowa Barnstormers kwenye hiyo ligi kabla ya kwenda kushinda Super Bowl na St. Louis Rams Januari 2000. Kwa wachezaji waliokosa nafasi NFL, hii ndiyo ilikuwa njia ya panya ya kurudi.

Sasa twende Albany, mji mkuu wa jimbo la New York. Kuanzia 1990 kulikuwa na timu inaitwa Albany Firebirds. Mwaka wa 1999 ikachukua ubingwa. Staa wake alikuwa Eddie Brown, na 2006 ligi ikamtaja kuwa mchezaji bora zaidi katika historia yake yote. Shika hilo jina, tutalirudia. Baada ya msimu wa 2000 timu ikahamishiwa Indianapolis.

Ligi kubwa ya ndani ilirudi Albany 2018 kwa jina jipya, Empire. Msimu wa pili tu, Agosti 2019, wakashinda fainali nyumbani kwao, 45 kwa 27 dhidi ya Philadelphia Soul. Mji ukasherehekea. Novemba ya mwaka huohuo, ligi yenyewe ikawasilisha maombi ya kufilisika. Fikiria wewe ni bingwa, na miezi mitatu baadaye hakuna ligi ya kutetea kombe lako.

Hawakukata tamaa. Mwaka wa 2021 Empire ikarudi na wenyewe wapya, safari hii kwenye ligi ndogo zaidi, National Arena League. Ikawa bingwa 2021. Ikawa bingwa tena 2022. Hii sehemu ndiyo huwa inarukwa kwenye zile video. Timu iliyokuja kuchekwa ndiyo ilikuwa imebeba kombe miaka miwili mfululizo, na wachezaji ambao wengi wetu hatuwezi kutaja hata mmoja.

Halafu 2023, Antonio Brown akaingia kama mmiliki. Huyu si mtu mdogo. Aliwika na Pittsburgh Steelers, akashinda Super Bowl na Tampa Bay Februari 2021, na Januari 2022 akavua jezi katikati ya mechi na kutoka uwanjani dunia nzima ikimwangalia. Lakini Albany walikuwa na sababu nyingine ya kumpenda. Yeye ni mtoto wa Eddie Brown. Mtoto wa shujaa wa mji anarudi kununua timu ya mji. Hata mimi ningenunua tiketi.

Miezi michache tu ikatosha. Malalamiko ya mishahara yakatoka hadharani. Makocha wakabadilika zaidi ya mara moja ndani ya msimu huohuo. Brown akasema atavaa jezi acheze mwenyewe, na hakucheza hata mechi moja. Juni 15, 2023, ligi ikaifukuza Empire. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kawaida kabisa: michango ya ligi haijalipwa. Juu yake kulikuwa na faini ya dola 1,000 kwa maneno ya Brown hadharani, nayo pia haikulipwa.

Hapa ndipo nataka tuelewane. Ligi ndogo ni chama. Kila timu inaleta mchango wake, na huo mchango ndio unaendesha mambo ya wote. Mama yako anajua hii hesabu kuliko mchambuzi yeyote wa michezo. Kwenye chama, haijalishi una gari gani au wafuasi wangapi. Siku yako ikifika na hujaleta, wenzako wote wanaumia. Empire ilipotolewa, timu zilizobaki ndizo zilibaki na ratiba yenye mashimo.

Umaarufu wa Brown ulileta kamera nyingi Albany. Lakini kamera hazilipi mishahara. Na sisi tunaotengeneza kontenti tunaijua hii vizuri. Mimi nimewahi kuedit video za watu usiku mzima nikiambiwa nitalipwa kwa "kujulikana". Landilodi wangu bado hajakubali hiyo sarafu. Kwa hivyo nikiona stori ya Empire, macho yangu hayaendi kwa staa. Yanaenda kwa jamaa wa safu ya ulinzi aliyeshinda kombe mara mbili, akaamka Juni akiwa hana timu, na mtandaoni watu wanacheka.

Kuna habari njema kidogo. Mwaka wa 2024 jina la Firebirds lilifufuliwa Albany, wakafika fainali, wakapoteza 46 kwa 41 kwa Billings Outlaws. Ligi nayo ilikuwa imeyumba vibaya msimu huo, timu nyingi zikianguka njiani. Albany walimaliza.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwa hivyo nawauliza: timu ya mtaa wenu, nani hulipa refa? Nani hufua jezi? Mtajeni huyo mtu hapo chini, si staa.