Returns za KRA: Makaratasi Yenye Unafaa Kuwa Nayo Kabla Juni 30 Ikupate

Kila mwaka ni stori moja. Juni 30 usiku, cyber zimejaa, iTax inazunguka tu, na wewe ndio unakumbuka hata P9 hauna. Ukweli ni kwamba kufile hakuchukui muda. Chenye hukula watu ni kutafuta karatasi dakika ya mwisho. Kwa hivyo anza nazo mapema.

Kwanza shika hii: returns unafile mwaka huu ni za pesa ulipata mwaka jana, Januari hadi Desemba. Mwisho ni Juni 30. Ukichelewa, faini ni 2,000 ama asilimia 5 ya ushuru unadaiwa, yenye itakuwa kubwa. Na usiseme "mimi sina job, hainihusu." Mimi PIN niliichukua nikiomba HELB. College niliacha, lakini PIN haikuniacha. Miaka mitatu sikufile, na hiyo ni thao sita ya bure ilikuwa inaningoja.

1. PIN na paswadi

PIN ya mtu binafsi huanza na herufi A, inafuatwa na namba tisa, halafu herufi ingine. Hakikisha imeili uliyosajili nayo bado inafunguka, juu paswadi mpya hutumwa huko. Kama ulifunguliwa PIN na msee wa cyber akaweka imeili yake, rekebisha hiyo mapema. Pia toa cheti cha PIN usome umesajiliwa ushuru gani. Kuna watu waliwekewa VAT bila kujua, na hiyo inataka kufailiwa kila mwezi.

2. P9

Kama uliajiriwa, hii ndio karatasi kubwa. Inatoka kwa mwajiri, na inaonyesha mshahara wa kila mwezi, makato, na PAYE ulikatwa. Ulihama job katikati ya mwaka? Unahitaji P9 mbili. Na kama ulichapa job mbili kwa wakati mmoja, jipange. Kila bosi anaweza kuwa alikupea ule msamaha wa 2,400 kwa mwezi, na wewe unaruhusiwa mmoja tu. Tofauti itakuja kwako.

Job moja niliyoacha, HR alinizungusha na "njoo wiki ijayo" hadi Juni ikafika. Nilijifunza hivi: omba kwa imeili ndio ubaki na ushahidi, na usitupe payslip. Linganisha payslip na P9. Ukiona PAYE ilikatwa kwa payslip lakini kwa P9 ni sufuri, uliza hiyo doo ilienda wapi kabla hujafile.

3. Cheti za withholding

Hii ni yenu nyinyi wa kandarasi na gigi. Kampuni ikikulipa kama mshauri, mara nyingi inakata asilimia 5 na kupelekea KRA. Cheti chake hutumwa kwa imeili yako. Hiyo pesa ni ushuru umelipa tayari, kwa hivyo ukifile inatolewa kwa deni lako. Lakini usidhani umemaliza: mapato yote bado unayaandika. Weka pia invoisi, statement za benki na M-Pesa, na risiti za gharama za kazi.

4. Karatasi za kukupunguzia

Unalipa bima ya maisha, ya afya ama ya elimu ya mtoto? Omba cheti kutoka kwa kampuni ya bima. Unaweza kupata msamaha wa asilimia 15 ya chenye ulilipa, lakini haupiti 60,000 kwa mwaka. Kama unaweka pensheni ya kibinafsi ama unalipa mkopo wa nyumba ya kuishi, chukua statement zao pia.

5. Na kama hukupata kitu?

Hapo ndio unafile nil. Unahitaji PIN na paswadi peke yake. Lakini kama una P9, usifile nil, hata msee wa cyber akikwambia ndio njia ya haraka. Mwajiri wako alishatuma PIN yako na mshahara wako KRA kila mwezi. Wanaona.

Ukimaliza

Save ile risiti ya iTax kwa simu na kwa imeili. Siku utaitwa job na waitishe cheti cha kuonyesha uko sawa na KRA, hautapata kama kuna mwaka uliruka. Na kama una miaka ya nyuma hujafile, ifile pia. Kunyamaza haifuti deni.

Sasa fungua simu utume imeili ya kuomba P9 leo. Foleni ya Juni 30 waachie wengine.